Mwembamba wa Lindi

Wivu nilizaliwa nao. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipokuwa ninanyonya nilimpiga teke dada yangu kila alipokaribia, na sina sababu ya kumkatalia. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni mtoto wa ami yangu na tulikua pamoja kisiwani Kudhaa, alinijua vizuri kabla ya kunioa. Alinioa hivyo hivyo, akanipeleka Kismayo.

Tulikuwa na binti mmoja mdogo mume wangu alipoondoka katika jahazi lililobeba samli na ngozi. Jahazi lile liliharibika huko kusini, mabaharia wenzake wakatafuta vyombo vya kurudia, na yeye akabaki. Habari iliyonifikia ni kwamba amepata kazi ya kuchimba kwa Wajerumani, bara ya Lindi. Kuchimba nini, aliyeleta habari hakujua. Nikadhani ni barabara. Ilikuwa kabla ya vita vikuu, na Wajerumani, kwa tulivyosikia, walipenda sana barabara.

Alirudi amekonda, na kimya chake kilikuwa kigeni. Nilimuuliza kazi ilikuwaje. Akasema, "Kazi ya jembe na jua, binti ami. Nitakuhadithia." Hakuhadithia. Nikimuuliza tena, ananiuliza habari ya mtoto, au anasifu samaki.

Alasiri moja nilirudi kutoka kisimani nikapitia mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na rafiki yake, mmoja wa wale mabaharia, naye alikuwa akizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikatua mtungi polepole.

"Wengine wote wazito," alikuwa akisema. "Wazito, wanene, unahitaji kundi zima la watu. Yeye mwepesi. Shingo ndefu, miguu mirefu, kiuno hivi. Nilimwona wa kwanza mimi. Siku ile nilikaa naye mpaka jua likatua, sikutaka mtu mwingine amguse."

"Na sasa yuko wapi?"

"Wajerumani wamempeleka kwao. Walimfunga vizuri, lakini moyo uliniuma."

"Watu wake ni akina nani?" rafiki akauliza.

"Hapo ndipo pana shida. Ukoo wake haujajulikana sawasawa. Mkubwa wetu alisema huenda ana jamaa Marikani."

Kwamba mume wangu amepata mke Lindi, hilo ningeweza kulitarajia. Mabaharia ni mabaharia. Lakini mwanamke mwenye jamaa Marikani! Nilijitazama mikono yangu, iliyojaa mikato ya kuparua samaki, nikaona kiuno changu ambacho mtoto mmoja alikuwa amekwisha kukiharibu. Sikumwambia kitu. Nilipika, nikapakua, nikala kidogo. Asubuhi niliomba ruhusa ya kwenda Kudhaa kumwangalia mama, nikamchukua binti yangu na nguo zangu zote. Mwanamke anayekwenda kumwangalia mama yake hachukui nguo zote, lakini mume wangu hakuliona hilo, na kutoliona kwake kukanikasirisha zaidi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Mchu mke wa Lindi?" akasema kwa Kibajuni chake, yaani mwanamke. "Na wewe umemwona?"

"Nimemsikia."

Baba alikuwa fundi wa vyombo, mtu wa maneno machache. Alimwita ami, yaani baba wa mume wangu, na mume wangu akatumiwa mtu Kismayo. Alikuja mbio, akidhani mtoto anaumwa. Walikaa uani, kati ya mbao za baba, na mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia pamoja na mama.

"Huyo wa Lindi," baba akaanza, "umemwoa au hujamwoa?"

"Wa Lindi yupi, ami?"

"Mwembamba. Mwenye shingo ndefu na jamaa Marikani."

Kupitia upenyo wa pazia niliuona uso wa mume wangu ukinawiri. "Kumbe habari zake zimefika mpaka huku!"

Baba yake mwenyewe akamkemea. "Unacheka? Mke wako analia humo ndani. Tuambie, huyo ni wa ukoo gani?"

"Wakubwa wenyewe hawajakubaliana, baba."

"Wazee wake wako hai?"

"Wamekufa wote. Kabla ya gharika."

Baba yangu akamsogelea, akamwekea mkono kwenye paji la uso kama anavyowekewa mwenye homa. "Mwanangu," akasema taratibu, "huko kusini ulipigwa na jua?"

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa. Hakucheka tena. Akaokota kipande cha mkaa jikoni kwa mama, akachora juu ya ubao wa baba: mnyama anayesimama kwa miguu miwili, mkia mrefu nyuma, mikono mifupi mbele. Akasema ni mjusi wa kale, mla nyama, aliyegeuka jiwe ardhini. Kazi yao ilikuwa kuchimba mifupa ya wanyama wa namna hiyo, mingine mikubwa kama boriti, na huyu mwembamba aliangukia katika shimo lake yeye.

"Kwa nini hukumwambia mkeo?" ami akauliza.

"Niliogopa atasema nimechezea makaburi, na hataniacha nile chakula chake kwa mikono hii."

Lugha yetu ndiyo iliyoniponza. Mtu ni yeye na mnyama ni yeye. Mtu analala na mnyama analala. Na maiti ya mjusi, ukimpenda, utamsema kama bibi harusi. Kudhaa nzima ilicheka. Watoto walinifuata njiani wakinyoosha shingo zao. Nilirudi Kismayo na mume wangu na nguo zangu zote, na watu wakadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mke mwenza ungeweza kumtembelea, ukamwona meno yake yalivyopangika vibaya, ukarudi umetulia. Mifupa iliyoko Ulaya utaifanyaje? Kila nilipomwona mume wangu amenyamaza akitazama mbali, nilijua aliko. Hakupata kuniambia mimi kwamba alitaka mtu mwingine asiniguse.

Vita vikaja, vikapita. Baada ya vita, serikali ilileta Kismayo daktari Mwingereza, mtu mrefu, mpole, aliyependa kusoma habari za mawe. Mume wangu alikwenda kwake kutibiwa sikio, wakaanza kuzungumza, na tangu siku hiyo hakuwa na Ijumaa tena nyumbani. Akitoka msikitini anakula haraka, anakwenda kwa daktari. Akirudi, anafurika habari, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, basi akanimwagia mimi.

Kwanza ikaja habari ya jina. Wajerumani wamemwita kwa Kigiriki jina lenye maana ya mjusi mwepesi. Mume wangu alitembea chumbani huku na huku. "Mwepesi! Ndivyo nilivyosema mimi siku ya kwanza!" Alipozaliwa binti yetu alisema Alhamdulillahi, akauliza kama kuna uji.

Kisha habari ya ukoo. Wamemtia, akasema, katika ukoo wa wale wala nyama wadogo wenye mifupa yenye uwazi ndani. Ukoo huo aliuanzisha mtaalamu mmoja wa Marikani, zamani, kwa kuokota vipande vichache vya uti wa mgongo. Hakuwa na mnyama mzima.

"Alimjuaje basi?" nikauliza, bila kutaka.

"Hakumjua. Alimpa jina, akampa ukoo. Na wengine wakafuata. Kila mtu akipata mla nyama mdogo, mwembamba, asiyemjua, anamtupa humo."

Daktari alikuwa amemweleza kwamba wengine walianza kutolewa mmoja mmoja. Kulikuwa na mdogo wa nchi ya Wajerumani, mwenye umbo la kuku, aliyekwisha kupewa ukoo wake. Kulikuwa na wenye miguu kama ya mbuni, nao wakapewa wao. Na daktari, kwa dhana yake tu, aliona huyu wetu ana miguu inayoelekea kwa hao wa mbuni, na kwamba siku moja watamhamisha. Mume wangu hakupenda. Alizungumza habari hiyo kama mtu anayesikia binti yake anataka kutolewa nyumba moja kupelekwa nyingine.

Na binti yake wa kweli alikuwa amekua. Wakaja watu kumposa, familia ya wafanyabiashara wa mjini, wenye heshima zao. Walikuja Ijumaa. Mume wangu aliahidi kuwapo. Wageni wakakaa, sharubati ikanywewa, mazungumzo ya mvua yakaisha, na mzee wao akaomba, kwa adabu, watajiwe nasaba ya upande wa baba. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka Kudhaa, akaitaja yeye, lakini niliona macho ya wale watu yakiutafuta mlango. Baba wa binti yuko wapi?

Waliondoka wakiwa wamekubali, lakini mimi nilikuwa ninawaka. Nikajitanda leso, nikatoka. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuifikia nyumba ya Mzungu. Mtumishi aliniona mlangoni akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia, "Nimekuja kumwona mke mwenzangu."

Daktari akatoka, na nyuma yake mume wangu, aliyebadilika rangi. "Posa," akasema. Hilo neno moja tu.

"Imekwisha," nikamjibu. "Umeulizwa nasaba ya binti yako na hukuwapo. Ukoo wa mjusi unaujua. Sasa nionyesheni. Nimeishi naye muda mrefu, sijamwona."

Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alifungua kitabu kikubwa mezani, akakisogeza upande wangu. Mchoro wa kule kwa baba ulikuwa wa mkaa juu ya ubao. Huu ulikuwa mwingine. Kila mfupa ulikaa peke yake, mwembamba, umechorwa kwa wino kama nakshi. Miguu mirefu kweli. Mkia mrefu kweli. Nilitaka sana awe mbaya. Hakuwa mbaya. Ningekuwa mwanamume na kumkuta ardhini, labda ningekaa naye mpaka jua litue mimi pia, na wazo hilo likaniuma kuliko mengine yote.

"Kichwa kiko wapi?" nikauliza.

"Hakikupatikana, bibi," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Bila kichwa hapana meno. Bila meno, sisi wote kubahatisha ukoo."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha macho. Njiani kurudi, akitembea mbele yangu kidogo, alinieleza jambo ambalo hakumwambia hata daktari. Shimo lake lilikuwa halijakwisha. Alimwomba msimamizi aendelee upande wa juu, kwa maana shingo ilielekea huko. Msimamizi akasema mvua inakuja, funga mizigo. "Kichwa kiko pale," akasema. "Kila ninapolala nakiona kiko pale."

Nilimhurumia, lakini huruma haikuuondoa wivu. Ilikaa karibu nao tu.

Binti yetu aliolewa, na mume wangu, kwa kunituliza, aliichangamkia arusi kuliko mwanamume yeyote mjini. Kisha daktari akaleta habari nyingine: Waingereza sasa wanaanza kuchimba tena mahali pale pale, bara ya Lindi. Mume wangu hakuniomba ruhusa. Aliacha kula tu. Siku kadhaa nilimwangalia akiisukuma sahani, mpaka nikasema mwenyewe, "Nenda ukamtafutie kichwa chake."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika. Nenda."

Nilikaa Kudhaa na binti yangu, aliyekuwa mjamzito, na kila siku nilijitayarisha kusikia kwamba kichwa kimepatikana na mume wangu amekifuata Ulaya. Mjukuu alizaliwa, mvulana, na babu yake hayupo. Watu wakiuliza, nilijibu kwamba yuko safarini, kwa sauti ambayo iliwazuia kuuliza zaidi.

Alirudi mwaka ule ule Waingereza walipoikabidhi Kismayo kwa Waitaliano. Alipoingia nilimtazama usoni kwanza, nikajua.

"Hukukipata."

"Hata shimo sikulitambua. Msitu umefunika kila kitu. Na mkubwa wa sasa anataka mifupa mikubwa tu. Nilipomtajia yule mwembamba, akaniuliza ninamzungumzia nani."

Aliketi, akaficha uso. Nikamletea maji, nikakaa karibu naye, na ndani yangu nikafurahi, furaha safi kama ya mtoto. Yule mwembamba atabaki bila kichwa.

Daktari alikuwa ameondoka na Waingereza. Mume wangu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari ile ila mimi. Akaanza jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele, na nikamwacha aseme. Alinieleza shimo lilivyokaa, rangi ya udongo, namna mfupa wa kwanza ulivyomtokea. Nikamuuliza maswali. Tukabishana. Mimi nilishikilia kwamba asitiwe kwa wenye mifupa ya uwazi wala kwa wa mbuni, apewe ukoo wake mwenyewe, kwani mtu asiye na kichwa hana sababu ya kuingizwa nyumba za watu. Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mgeni kutoka Barawa, mfanyabiashara mchangamfu, aliyesikia sokoni kwamba mume wangu aliwahi kuchimba mijusi ya kale. Akakaa barazani, akaomba ahadithiwe. Nilikuwa ndani, birika lililojaa kahawa mkononi. Nikamsikia mume wangu akianza, kwa ile sauti yake: "Wengine wote wazito. Yeye mwepesi…"

Habari hiyo sasa ilikuwa yetu wawili, sikutaka mtu mwingine aiguse. Nikarudisha birika jikoni, nikaliweka chini, nikapaza sauti.

"Bwana, ingia ndani mara moja. Na mwambie mgeni atusamehe, kahawa imekwisha."