Jogoo wa Kwenye Ngao

"Huyu jogoo ni wa nchi ama ni wa chama?"

Mama aliyeuliza hivyo alikuwa ameshika picha ya nembo ya taifa, iliyochorwa na kuchapishwa na binti yake: simba wawili, mikuki, majani chai, mananasi, na katikati ya ngao, jogoo ameshika shoka. Tulikuwa kwa fundi wa fremu, mtaa wa Mbotela. Fundi alijifanya anatafuta misumari.

"Baba watoto ni mtu wa upinzani," mama akaeleza. "Amesema jogoo wa chama tawala haingii kwake. Nifunikie huyo tu, fundi. Msichana anakuja Jumapili, nataka aione kazi yake ukutani."

"Nikimfunika, mama, simba watabaki wameshikilia tundu. Na askari akipita hapa nitamwambia nini?"

Mimi ninayeshinda midahalo chuoni nikaingilia. Nikasema jogoo huyo ni urithi wetu sote tangu uhuru.

"Sawa, dada," mama akanigeukia. "Sasa mbona wakati wa kura anasimama na wao?"

Chama kilimchukua kwetu, ama sisi tulimchukua kwa chama? Sikujua. Hasira zikanipanda, na sikujua hata nimkasirikie nani.

Mama akaifunga picha kwa gazeti, akarudi nayo nyumbani Makongeni bila fremu.

Wakubwa wa chama mnaosoma ukurasa huu, mbuga zetu zimejaa wanyama. Tafadhali chagueni mwingine awe alama yenu, mama atundike kazi ya mtoto wake.