Fahali wa Mama Wakesho na Njia Tatu za Kupima Tendo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika machinjio ya Voi, nilikabidhiwa kisu, ndoano na buti zilizonizidi mguu. Mkaguzi Mkuu wa Nyama alinionyesha mahali pa kupasua: misuli ya shavu, ulimi, moyo, kisha mkono wa mbele. Humo hujificha watoto wa tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Huonekana kama chembe nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, mnyoo humea ndani yake.

"Nyama njema inapigwa muhuri," aliniambia. "Muhuri ni neno lako. Ukimpigia rafiki leo kwa huruma, na kila mkaguzi afanye kama wewe, huo wino utabaki rangi tu."

Baadaye nilihamishiwa upande wa Chala, chini ya Afisa wa Mifugo aliyefikiri tofauti. Kila jambo aliuliza: nani ataumia, nani atafaidika, ni wangapi? Mvua ilipokata barabara na wagonjwa hospitalini wakakosa kitoweo, aliruhusu tuchinje mahali pasipo na sakafu ya saruji. Nilipopinga alicheka. "Kijana, sakafu haili. Watu ndio wanakula."

Wakati huo nilihudhuria darasa la viongozi wa kanisa. Mwalimu wetu wa maadili alitueleza kwamba wanafalsafa wana njia kuu tatu za kupima tendo. Wanaoshika wajibu huuliza: je, ningependa kila mtu afuate kanuni hii? Wanaotazama matokeo huuliza: lipi litawaletea wengi mema zaidi? Wanaotazama tabia huuliza: tendo hili linanifanya mtu wa aina gani? Nilitabasamu. Wakubwa wangu wawili walikuwamo katika daftari langu. Wa tatu sikuwa nimekutana naye.

Nilikutana naye Mghange, kituo changu cha mwisho. Mama Wakesho alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya yetu. Fahali wake wa pekee, aliyemlisha majani ya nepia aliyoyabeba kichwani miaka yote ile, alichinjwa nyumbani Ijumaa asubuhi. Harusi ya binti yake ilikuwa kesho yake. Niliitwa kukagua. Nilipopasua shavu nikaona chembe. Kwenye moyo, mbili zaidi. Nikanyoosha mgongo.

"Mama, nyama hii itafukiwa."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Yote, Daktari?" Watu walituita hivyo, ingawa hatukuwa madaktari.

"Yote. Sheria ni sheria."

"Sheria ndiyo inasema yote, ama ni wewe?"

Swali lile lilinichoma. Kanuni ilitofautisha: chembe zikijaa mwilini, mnyama hufukiwa, zikiwa chache, nyama yaweza kukatwa vipande vidogo ichemshwe mpaka ndani kabisa, mkaguzi akisimamia mwenyewe. Lakini kusimamia kulimaanisha kushinda jikoni kutwa, nami nilikuwa na mkutano wa kanisa. Nilikuwa nimeupa uvivu wangu jina la wajibu.

Nilimwomba msamaha, nikapasua upya, polepole, pote panapotakiwa. Sikuona nyingine. "Itachemshwa," nikasema. "Ya kuchoma haitakuwepo, hata kipande."

Shemeji yake, Mzee Mwakio, akashika kichwa. "Harusi bila nyama ya kuchoma! Wakwe wanatoka Voi. Watasema tumewapikia chakula cha wagonjwa!"

"Waseme wakiwa wameshiba," Mama Wakesho akamjibu.

Kisha akanivuta kando. "Daktari, haya ya minyoo yabaki kati yetu. Si nyama itakuwa salama?"

"Itakuwa salama. Sitatangaza, Mama. Lakini mtu akiniuliza, sitadanganya."

Akaenda kuchochea moto. Tulichemsha hadi jioni, nami nikipasua vipande kutoka kila sufuria kuhakikisha hakuna wekundu ndani.

Kesho yake, sahani zilipoanza kupakuliwa, baba wa bwana harusi aliniona. "Daktari, mbavu zetu mmezipeleka wapi? Ama huku milimani ng'ombe hawana mbavu?"

Wageni wakaangua kicheko. Nikawa natafuta maneno. Mama Wakesho akasimama, upawa bado mkononi.

"Mkwe wangu, fahali alikutwa na chembe za tegu. Daktari amesimamia nyama ikichemshwa jana kutwa, na imeiva. Asiyeitaka, kuna kimanga cha mihogo na maharagwe, na hatutamkasirikia."

Bibi harusi aliinamisha uso. Wageni kadhaa walisukuma sahani zao. Baba mkwe aliitazama yake, kisha akachukua kipande, akatafuna.

"Anayeniambia hili mbele za watu," akasema, "hajanificha lingine. Niongezee mchuzi."

Wengine wakafuata, si wote. Sufuria moja ilirudi jikoni ikiwa imejaa.

Sasa nimestaafu, na wakaguzi vijana huniuliza ipi kati ya njia zile ni bora. Nawaambia waulize maswali yote matatu, tena walitilie mkazo lile wanalolikwepa. Wajibu waweza kutuficha tusihurumie. Matokeo yaweza kutuficha tusiseme kweli. Mimi siku ile nilijiona mwema kwa kuwa nilikusudia kutodanganya nikiulizwa. Swali lilipokuja kwangu, aliyelijibu ni yule mjane, ambaye ndiye angeaibika. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo nikasikia.