Heroe Aliyeficha Kichwa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza vyungu vya maua vya simiti nyumbani kwetu hapa Nakuru, navyo huvichonga majani, magome ya miti na mawe tu. Kiumbe chenye uhai sichongi. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa madrasa tangu utotoni, na wateja wangu wamezoea.

Lakini jirani yangu hakuwa mteja. Mke wangu alipovunjika nyonga, mama huyu alitoka kanisani kwake akaja kutupikia uji na kutujazia mitungi ya maji, mpaka mgonjwa akasimama. Basi alipofiwa na mumewe, akaniomba chungu chenye heroe ubavuni, kwa kuwa marehemu alipenda kwenda ziwani kuwatazama ndege hao, nilishindwa kukataa.

"Na usinichongee kuku, Mzee," alisema. "Nawajua nyinyi."

Nilipaka simiti juu ya waya, nikangoja ishike hadi ikawa kama sabuni ya kipande. Hapo kisu hukata vizuri, ila si kwa muda mrefu. Mwili ulitoka, miguu ikatoka. Nilipofika kichwani, mkono ukagoma. Simiti nayo ilikuwa inakauka. Nikaikunja shingo, nikakificha kichwa chini ya bawa, kama wanavyolala. Hana jicho, hana mdomo.

Mke wangu aliegemea mkongojo wake akatazama. "Umemwogopa Mola au umemwogopa jirani?"

"Wote wawili."

"Basi mwambie ukweli."

Nilikusudia kumwambia. Jirani alipokuja, alipiga magoti akalipapasa lile bawa. Mumewe alifariki usingizini. Mimi hilo halikunipitia akilini hata kidogo.

"Umekumbuka alivyoenda," alisema. "Hata watoto wangu hawangewaza hivi. Mungu akubariki, Mzee."

Nikasema amina.

Chungu sasa kiko mlangoni pake. Kila asubuhi humwagilia maua, na akiniona ng'ambo ya seng'enge hupaza sauti: "Bado amelala!"

"Alhamdulillahi," mimi humjibu. "Mwache apumzike."

Kisha huingia ndani kuswali, na katika sijda siombi tena msamaha kwa ajili ya ndege. Naomba msamaha kwa ile amina.

Juzi nilikwenda hadi kwake nimweleze. Alinikaribisha kwa furaha, akanimiminia chai. Nikanywa, nikamshukuru, nikarudi nyumbani.