Mmea Uliotambaa Sebuleni kwa Shosho

Juzi sokoni nilimpita mama mmoja wa viazi akinyunyizia gunia maji, na harufu ile ya katani iliyoloa ikanisimamisha. Rafiki yangu, kwa muda nilikuwa kijijini Yamumbi tena, sebuleni kwa shosho, mama mzaa baba, nikiwa darasa la nne.

Shosho alikuwa na mmea wa kutambaa, majani yake umbo la moyo, kijani kwa manjano. Nje, baridi yetu ingeuua. Kwa hivyo aliupanda kwenye mkebe karibu na dirisha, akaufungia kamba ukutani, nao ukapita juu ya kabati na kuizunguka picha ya guka, mumewe, ambaye sikuwahi kumwona. Wakati wa likizo nililala kwenye kochi, chai ya maziwa ikinukia moshi, mvua ikigonga mabati, nikiutazama ukijani ule kama mtu aliye chini ya maji.

Jumapili moja shosho akiwa kanisani, kamba zilikatika, mmea wote ukaporomoka. Niliurudisha kwa waya wa ua, nikaukaza kabisa. Baada ya wiki mbili waya ulikuwa umelikata shina, majani yakaanza kuanguka. Nilikimbia kwa jirani, mwalimu mstaafu, nikilia.

"Mwalimu, nimeua mmea wa shosho."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Basi anza na hapo. Mimi nitakuja."

Nilimwambia. Shosho aliligusa shina.

"Guka wako aliniletea kitawi chake ndani ya gazeti, wiki ile tulihamia huku. Nilikuwa nataka kurudi kwetu. Sikujua mtu."

Hakunipiga. Hilo liliniumiza zaidi.

Mwalimu alikuja na ufito ulionyooka, akauzungushia gunia, akausimika ndani ya mkebe. Shosho alikata vipande vilivyokuwa hai, kila kimoja na kifundo chake, akavitia kwenye chupa ya maji. Mizizi myeupe ilipotoka tulivipanda, tukavifunga kwenye ufito kwa vitambaa vya rinda kuukuu, fundo legevu la kupitisha kidole.

"Usiukabe, mami. Ushikilie tu hadi ujishike."

Kila asubuhi nililowesha gunia. Mizizi ikajishika. Jani jipya likafunguka, pana kuliko kiganja changu, laini kama sikio la ndama, na shosho akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Miaka ikapita, mmea ukarudi ukutani, ukafika hadi dari.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na haraka nyingi. Tuligawana vikombe, blanketi, kabati. Ufunguo ulibaki kwangu. Nilisema nitarudi Jumamosi kuunywesha mmea. Jumamosi ngapi zilipita, sijui. Nilipoufungua mlango, mmea ulikuwa umekauka wote, na nilipougusa, majani yakadondoka mkononi.

Niliyazoa polepole. Ndipo nikatambua, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba ukuta wa shosho, ambao miaka yote niliutazama mmea wake tu, ulikuwa wa samawati.