Mikono Myekundu ya Mama

Sisi tuliozaliwa Bwegera kabla ya vita, rangi hatukuinunua dukani. Tuliichimba. Mama alitutuma porini kutafuta mizizi, tukaiponda, akaichemsha pamoja na ukindu wa mikeka mpaka nyumba nzima ikanuka udongo wa mvua. Kurudi tulichuma mubirizi, dawa ya homa. Majani machungu yale! Nani kati yenu hakushikwa sikio ndipo akanywa? Watoto wa leo wanapewa dawa ya siro tamu na bado wanalia.

Kisha vita ikaja, ile ya waasi walioogeshwa dawa ya mizizi na majani ili risasi isiwaingie. Watu wakawa wanapotelea barabarani. Lakini mdogo wangu alikuwa kwa shangazi huko Kilibula, homa imemkamata, na dispansari imefungwa. Mama akajaza mubirizi kikapuni, akanishika mkono, tukaenda.

Barierani, pale askari wa serikali walipofunga njia, mmoja wao akasema, "Weye mama, onyesha mikono."

Ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Rangi ile haitoki kwa sabuni.

"Umeogesha waasi!"

"Hapana, shefu. Iko rangi ya mikeka."

"Na haya majani? Mikeka nayo inakula mboga?"

Wenzake wakacheka, ila mmoja akakoki bunduki.

"Iko ya homa, shefu. Mtoto wangu anaumwa."

"Basi huyu akule, tuone kama ni ya homa ao ya vita."

Huyu ni mimi. Nikajaza mdomo. Nilijua nikitema, watasema hata mtoto anaogopa dawa ya mama yake. Machozi yakatoka, nikameza, nikachukua mengine. Yule askari wa kwanza akaonja jani moja, akatema, akatukana. "Mubirizi! Koko yangu, mama ya baba, alinitesa nayo! Endeni!"

Mama akaninong'oneza, "Usigeuke." Mgongo wangu ulingoja risasi mpaka njia ilipokunja.

Mdogo wangu alipona. Mama alisugua mikono kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, na tangu siku ile mikeka yake ilikuwa myeupe tu, hadi alipokufa.

Enzi zetu tulikimbia uchungu wa mubirizi. Wajukuu wangu hata jani lenyewe hawalijui. Wanapaka kucha kila rangi, na bariera zingali pale pale. Wananicheka: "Koko, rangi ya kucha nayo iko na vita?" Nashika mikono yao, naigeuza huku na huku, ndipo nawaachilia waende.