Tuta Moja Lililozidi

Baba yangu alikuwa mkulima wa Izia, na ugonjwa wake ulikuwa mistari. Kwetu Ufipa tunalima matuta ya mviringo, majani yanafukiwa chini yaoze, na yeye alitaka kila mstari uwe na matuta sawa. Likizidi moja, alilinung'unikia msimu mzima kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Jioni moja tukipukuchua mahindi, dada yangu alimuuliza ni matuta mangapi yangemshinda kupanga. Baba akacheka.

"Mistari mia, kila mmoja matuta mia, halafu ongeza moja. Hayo 10,001 ukinipangia mistari sawa, mwanangu, nakupeleka sekondari."

Dada alikuwa amefaulu darasa la saba, na posa yake ilikuwa imeshaletwa. Baba alikuwa anatania. Dada hakuwa anatania hata kidogo.

Tukaanza kugawanya kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala. Mbili, tatu na tano zilikataa. Saba ikabakiza tano, kumi na moja ikabakiza mbili. Dada akagundua mwenyewe kwamba kumi na tano haina haja ya kujaribiwa, maana tatu imeshakataa. Akagundua pia kwamba tukifika mia tumemaliza: mistari ikizidi mia, matuta ya kila mstari hayafiki mia, na namba hiyo ndogo tungekuwa tumeshaijaribu. Mimi mdogo wake nilijua kugawanya tu, basi. Tulipokezana, namba moja kila jioni, na sharti lilikuwa moja: hakuna kugawanya mwenzako asipoona.

Zamu yake ya mwisho ilikuwa sabini na moja. Ikabakiza sitini na moja. Kesho yake mashangazi wakaja, wakamfungia ndani afundwe. Nilimsubiri, kwa sababu sharti ni sharti. Alipotoka alikuwa amefunikwa khanga, na siku ileile akateremshwa bonde la Rukwa kwa mumewe.

Siku hizi nafundisha hesabu Katandala. Miaka yote hiyo sikuigusa ile namba, niliona ni yake. Muhula huu, nikitafuta swali la kuandika ubaoni, mkono ukaigawa kwa sabini na tatu kabla sijajizuia. Haikubaki kitu. Mistari sabini na tatu, kila mmoja matuta mia moja thelathini na saba. Niliumia sana, nikashindwa kuendelea na kipindi.

Baba ameshafariki, kwa hiyo hatutajua kama angetimiza. Mimi naamini angetimiza. Mzee yule alipenda mistari kuliko ng'ombe wa mahari.

Nilimpigia dada simu nikamweleza. Nyuma yake niliwasikia wajukuu zake wakigombania kitu.

"Sabini na tatu," akasema. "Si ndiyo iliyofuata?"

"Ndiyo, dada."

"Basi ilikuwa zamu yako, mdogo wangu."