Shali Iliyochagua Wavulana

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba damu na kuificha machoni petu. Anatoa na anazuia, na katika yote mawili tunamshukuru.

Shali ya marehemu mama yangu ilipokea watoto wote wa nyumba yetu, hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Tuliitunza sandukuni kati ya naftalini, zile gololi nyeupe za kufukuza wadudu. Wasichana watano walifungwa ndani yake wakakua. Mwanangu wa kwanza, mvulana, aligeuka manjano, akalia kilio chembamba kama cha paka, akafa kabla ya siku ya kupewa jina.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mvulana. Nikaitoa shali. Harufu yake kali ilijaza chumba. Kwangu ilikuwa harufu ya mama.

Jirani yetu alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

“Maman, hii nguo iko na muntu ndani. Inakamataka batoto banaume tu.”

“Peleka uchawi wako kwako. Hapa tunaswali.”

“Hata benye kuswali banazikwaka.”

Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa manjano, na mkojo kwenye nepi mweusi kama chai iliyolala. Kisha akalia. Kilikuwa kilio kile kile. Niligeuka nikatazama nyuma yangu, nikidhani mwanangu amerudi kudai nafasi yake.

Tulimkimbiza hospitalini kwa pikipiki, bado yumo ndani ya shali. Daktari aliinama, akanusa, akamfungua haraka.

“Maman, nani aliweka naftalini mu nguo?”

“Mimi.”

Alinieleza taratibu. Pumzi tunayovuta huzaa cheche ndani ya mwili. Zikiwa chache, chembe za mwili huzitumia kupelekeana habari, zikizidi, huunguza. Damu ina kinga yake, lakini wapo wavulana wanaozaliwa na kinga pungufu, urithi wa upande wa mama. Mvuke wa naftalini huzidisha cheche hizo mpaka chembe nyekundu za damu zinapasuka, na mtoto hugeuka manjano, mkojo wake ukawa mweusi.

“Na yule wangu wa kwanza?”

“Siwezi kujua, Maman. Lakini inawezekana.”

Walimwongezea damu, wakamlaza chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano, macho yamefunikwa kitambaa. Alionekana kama mtu aliyelala chini ya maji. Siku nne nilisoma Qur’ani nikiwa mbali, kwenye kona. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, na harufu haikutoka. Jirani alisema kweli: ndani ya shali alikuwamo mtu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Siku ya tano mkojo ukawa mweupe. Binti yangu akaniletea mtoto. Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

“Nitamdhuru.”

“Mupakate, mama. Uko bibi yake.”

Kanga yangu ya mabegani nayo ilitoka sandukuni. Niliivua, nikaitupa nje ya mlango, nikampokea kifuani. Alinukia maziwa tu.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie waliomo mapajani mwako, na akusamehe dhara ulilolitenda kwa mapenzi, bila kujua. Amina.